Kamera sawa, ila picha zetu anazitunza nani?

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Mimi sipingi jiji letu la Dar kwenda kidijitali, hata hizo kamera za usalama zinazosemwa zitawekwa mitaani sizipingi. LUKU tu, umeme wa kulipia kabla, imetuonyesha raha yake, unanunua umeme usiku wa manane kwa simu uko kitandani, zamani ilikuwa foleni, na sasa hivi hata maegesho unalipia kwa simu. Kinachoniumiza ni taarifa zetu. Mwezi uliopita niliingia jengo moja pale Posta, mlinzi getini kakipiga picha kitambulisho changu cha NIDA kwa simu yake mwenyewe, namuuliza hiyo inaenda wapi, ananiambia "mama we pita tu." Nikapita lakini roho haijatulia mpaka leo, maana namba ya siri ikivuja unabadilisha, sasa sura yangu naibadilishaje?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022 na Tume yake ipo, basi kabla ya kutundika kamera kila kona tuambiwe picha zinakaa siku ngapi na nani anaruhusiwa kuzifungua. Halafu tiketi za mabasi ya mwendokasi jamani, mtandao ukikata pesa taslimu zipokelewe, kuna wazee hawana simu janja na wanataka kufika hospitali ya Muhimbili.

Mama wa Mbagala, Dar es Salaam