Damu ya kiwavi haikungoji

Asha wangu, mambo vipi

Umeniuliza mbona niko kimya siku hizi, basi jua nimekwama kwenye damu ya viwavi na naipenda hii kazi kuliko nilivyotegemea. Damu ya mdudu si kama yetu shoga, wengi wao damu haibebi oksijeni, hewa inapita kwenye vijibomba vyake yenyewe, kwa hiyo haina ule wekundu, unaona kitone cha maji kinachoelekea kijani au njano hivi. Na inaelea tu humo mwilini, haimo kwenye mishipa kama ya kwetu.

Shida ni kupima mnato wake, yaani ilivyo nzito au nyepesi kutiririka. Mwanzoni nilijaribu kuipitisha kwenye kapilari, kale kabomba kembamba sana, nihesabu sekunde, ikaganda katikati ya bomba! Tena kwa kiwavi inaganda chapchap, kama dakika moja kidonda kimeshazibwa, afu ukiiacha hewani inakuwa nyeusi kwa sababu ya vimeng'enya vyake. Yaani wewe unapima kitu ambacho kila ukikitazama kimeshabadilika, na kiasi chenyewe ni mikrolita chache tu. Barafu inapunguza kasi kidogo, ila ukiipoza na mnato nao unapanda, sasa umepima nini hapo?

Kilichonifungua macho ni njia ya kina Konstantin Kornev wa Chuo Kikuu cha Clemson kule Marekani. Wanaweka vijiti vidogo mno vya nikeli ndani ya tone halafu wanazungusha sumaku nje. Polepole kijiti kinaifuata sumaku, ukiongeza kasi kinafika mahali kinashindwa kwenda nayo, na damu ikiwa nzito kinashindwa mapema, basi kasi ile ndo inakupa mnato. Tone dogo kabisa linatosha, na hesabu unaipata kabla halijaganda. Mwaka 2024 walitoa kazi yao kuhusu Manduca sexta, aina ya nondo, yule mdudu kama kipepeo ambaye kiwavi hugeuka kuwa yeye: damu ya kiwavi inavutika kama uzi ikianza kuganda, ya nondo aliyekomaa inabaki nyepesi. Mnyama yuleyule!

Nadhani nondo anaihitaji nyepesi ili isukumwe haraka anaporuka, hilo ni wazo langu tu, lakini limenishika hadi usiku.

Kesho naanza tena na viwavi wapya, safari hii tone linaenda moja kwa moja chini ya hadubini.

Wako
Mwana