Shukrani kwa Jirani Mwema wa Henley-on-Thames

Natoa shukrani zangu za dhati kwako, ndugu nisiyekujua kwa jina, uliyetuletea dawa na vyakula mlangoni baada ya Serikali ya Uingereza kutangaza amri ya kubaki nyumbani kwa sababu ya korona tarehe 23 Machi 2020, wakati mama yangu, mgonjwa wa pumu kali, alipotakiwa asitoke kabisa kwa majuma 12. Ulikuwa ukibisha hodi, ukirudi nyuma hadi langoni, kisha ukimwamkia kwa heshima na kumpa habari za Mto Thames unaopita mjini kwetu: batamaji waliotapakaa ukingoni, na mashindano ya makasia, fahari ya mji huu, yaliyofutwa mwaka ule. Naamini mazungumzo hayo yalimfaa kuliko hata dawa. Mama angali anakuombea dua, na anatamani upite akushukuru mwenyewe.