Mkutanikapo kula, mngojane: Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu, mwaka wa 2025

Ndugu wanachama, Bwana Yesu asifiwe.

Habari za fedha atazisoma mweka hazina, na hesabu zimeshakaguliwa. Mambo ya vikao, wanachama wapya na ukarabati wa paa yamo kwenye taarifa ya katibu, sina la kuongeza. Mimi naomba muda wenu nizungumzie majuma manne tu ya mwaka, ambayo sisi wa madhehebu mbalimbali tulikutana Jumapili jioni kwa ibada na mlo wa pamoja: kuanzia tarehe 30 Novemba, Jumapili ya Kwanza ya Majilio, yaani majira ya kumngoja Bwana kabla ya Noeli, hadi mkesha wa Noeli. Katika majuma hayo tulikosea kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, na humo humo tukafundishwa.

Jumapili ile ya kwanza ibada ya jioni ilikwenda vizuri. Watoto waliwasha mshumaa wa kwanza wa taji la Majilio, ambalo huwashwa mshumaa mmoja zaidi kila Jumapili, tukasoma Isaya sura ya 2, tukasogeza mabenchi, tukala. Tuliowahi tulishiba, na wengine tulirudia. Ilipofika saa moja na nusu usiku mlango ukafunguliwa. Akaingia mama mmoja, mwanachama mwenzetu, ametoka zamu kazini, wanawe wawili wakimfuata nyuma. Mikononi alikuwa na bakuli lililofunikwa kwa kitambaa: chakula alichokipika usiku wa kuamkia siku hiyo ili naye achangie. Sufuria zilikuwa zimeshakwanguliwa, na mtu alikuwa anafuta meza. Akasimama pale pale kizingitini, akasema kwa upole, "Kumbe mmeshamaliza." Tukamkaribisha, akaketi na wanawe kwenye ncha ya meza, wakala kile kile walichokileta, watatu peke yao, huku sisi tukipanga viti. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliorudia sahani. Nilimwomba radhi kesho yake, na leo naiomba tena mbele ya mkutano.

Juma hilo kamati ilifungua Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 11. Maneno ya Karamu ya Bwana yaliyomo humo tunayajua kwa moyo, kwa kuwa husomwa makanisani mwetu. Tusichokizoea ni yaliyoyazunguka, nayo ni ugomvi wa chakula. Wenye nafasi walikuwa wakitangulia kula, maskini wakifika wanakuta hakuna kitu. Huyu ana njaa, huyu amelewa. Paulo hakuwaandikia utaratibu mrefu. Aliwaambia, "mkutanikapo mpate kula, mngojane." Wengi wetu tulinyamaza tuliposoma neno hilo la mwisho. Majilio ni ujio. Asili yake ni kujilia, kumjia mtu. Tulikuwa tumejiandaa majuma kadhaa kumngoja Bwana anayekuja, na jioni ya kwanza tu tulishindwa kumngoja dada yetu kwa nusu saa.

Kwa hiyo tukabadili mambo. Ibada na mlo havikutengana tena. Waliofika walianza kwa zaburi na masomo, chakula kikiwa mezani kimefunikwa, na hakuna aliyefunua sufuria mpaka wote tuliojua wako njiani wameingia. Walioshindwa kuja kwa ugonjwa walipakuliwa kabla ya mtu mwingine yeyote, na vijana wakawapelekea chakula kikiwa bado cha moto, wakasali nao kidogo huko huko. Wazee wenye kisukari na watoto wadogo hawakungojeshwa; walipewa mkate mapema. Jambo hili la mwisho alilisema muuguzi mmoja kati yetu, na namshukuru, maana sisi wengine hatukuliwaza.

Jumapili ya tatu, ambayo wengine huiita Jumapili ya Furaha na kuwasha mshumaa wa rangi ya waridi, tulingoja karibu saa nzima. Somo lilikuwa Mathayo 11: Yohana Mbatizaji yuko gerezani, anawatuma wanafunzi wake wakamwulize Yesu kama yeye ndiye ajaye, au wamtazamie mwingine. Mtu aliyehubiri kando ya Yordani kwa sauti kubwa vile, sasa amefungiwa, anauliza. Tuliposoma hivyo, matumbo yakinguruma, sidhani kama yupo aliyeliona swali la Yohana kuwa la ajabu. Najua baadhi yenu mlinung'unika, na mliniambia. Nasimama pale pale: saa ile ilitufaa kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia kuhusu subira. Na nilimwona mama yule wa Jumapili ya kwanza, safari hii amewahi, akiinuka mwenyewe kwenda kusimama mlangoni. Kila aliyechelewa alipokelewa mkono na mtu aliyemtaja kwa jina.

Kuna maswali niliyoulizwa mwaka mzima, nayajibu kwa ufupi.

Je, meza yetu ni Meza ya Bwana? Hapana. Tunatoka madhehebu mbalimbali, na Sakramenti kila mmoja anaipokea kanisani kwake. Huu ni mlo wa kawaida uliobarikiwa kwa sala, na hatutaki mtu yeyote aone anavutwa kuvuka mpaka wa imani yake.

Na kwa nini tule pamoja katika majira ambayo wengine wanafunga? Ni swali la haki. Wenzetu Waorthodoksi huanza tarehe 15 Novemba na kufunga siku 40 kabla ya Noeli, bila nyama wala maziwa. Hata Kanisa la Magharibi, huko Gaul (Ufaransa ya leo), katika karne ya 6 lilikuwa na agizo la kufunga siku kadhaa za juma, tangu sikukuu ya Mtakatifu Martino tarehe 11 Novemba. Ndiyo sababu mlo wetu ulikuwa wa sufuria chache, na tangu Jumapili ya pili daima palikuwa na moja isiyoguswa na nyama wala maziwa. Hiyo isipungue kamwe. Kushiba kwa sikukuu tumekuachia sikukuu yenyewe.

Wapo pia waliohofia taji la mishumaa kuwa ni la kipagani. Desturi hii kama tunavyoijua ilianzia Hamburg mwaka 1839, kwa mwanatheolojia Mlutheri Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akilea watoto maskini. Aliweka mishumaa juu ya gurudumu ili wale watoto waone siku zinavyosogea kuelekea Noeli. Kwa sababu hiyo kamati iliamua kwamba kwetu mishumaa iwashwe na watoto, si na viongozi.

Kuhusu nyimbo, tulishikilia kwamba zile za Noeli zisiimbwe kabla ya mkesha. Vijana waliona ni ukali. Lakini usiku wa tarehe 24, pale "Utukufu kwa Mungu juu" ulipoinuliwa baada ya majuma manne ya kunyamaziwa, hao hao vijana ndio walioimba mpaka taa za ukumbi zikazimwa.

Mwaka huu wa 2026 Majilio yanaanza tarehe 29 Novemba. Kwa makanisa yanayofuata mzunguko wa masomo wa miaka mitatu, tunaingia mwaka wa Marko, yaani mwaka ambao Injili yake ndiyo husomwa zaidi, na somo la Injili la Jumapili ya kwanza ni sura ya 13: mwenye nyumba amesafiri, kila mtumwa ana kazi yake, na bawabu ameamriwa akeshe. Kamati inapendekeza tuwe na bawabu kila Jumapili, mtu mmoja ambaye kazi yake ni kukaa mlangoni, kujua nani bado yuko njiani, na kutuzuia tusifunue sufuria. Karatasi ya majina iko mezani kwa katibu. Jumapili ya kwanza imeshachukuliwa. Mama yule alifika leo mapema kabla ya mkutano, akajiandikisha.