Si uzembe wa wauguzi, someni kibandiko cha nyuma

Ndugu Mhariri,

Nasoma gazeti lako miaka mingi na sijawahi kukuandikia. Ile habari yenu ya mashine za oksijeni za msaada zilizokutwa zimerundikwa stoo ya hospitali imenishinda kunyamazia. Mwandishi wenu alimnukuu kiongozi akisema ni uzembe wa watumishi, akaishia hapo. Fundi hata mmoja hakuulizwa. Mimi ni fundi wa vifaa tiba, na mashine za namna hiyo nimezifungua kwa mikono yangu.

Usiku mmoja niliitwa wodi ya watoto. Mtoto wa nimonia alikuwa na mpira wa oksijeni puani, taa ya mashine ya kijani, kigololi cha kipimo cha mtiririko kimesimama kwenye lita 5 kwa dakika, lakini oksijeni ya damu haipandi. Sista alikuwa amefanya kila alichofundishwa. Nikapima hewa inayotoka kwenye mashine: haikufika hata asilimia 70. Tukamhamishia kwenye mtungi, akapata nafuu. Kulipokucha nikaigeuza mashine nikasoma kibandiko cha nyuma: volti 115, hezi 60 (hezi ni idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde). Umeme wa Marekani! Aliyeileta aliambatanisha transfoma akadhani kamaliza kazi. Transfoma inashusha volti 230 zetu, hezi haizigusi kabisa. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo mota ya kompresa inazunguka pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita, hewa inayosukumwa inapungua na presha haifiki inapotakiwa. Na kwa kuwa mashine ile haikuwekewa kihisio cha kupima oksijeni yake yenyewe, taa ilibaki kijani huku mtoto akihema kwa tabu. Huyo sista ndiye mnayemwita mzembe?

Halafu kuna hali ya hewa ya huku pwani. Ndani ya mashine mna mitungi miwili yenye chembechembe za zeolaiti. Hewa ikisukumwa humo, naitrojeni inanaswa na oksijeni inapita. Shida ni kwamba zeolaiti hunasa maji kwa nguvu kuliko inavyonasa naitrojeni. Mashine ikikaa stoo miezi bila kuwashwa, unyevu huingia taratibu, na siku ikiwashwa huenda haina kazi tena. Zipo zilizosanifiwa kwa mgonjwa mmoja anayeuguzwa nyumbani, penye umeme usioyumba na hewa kavu. Kuzipeleka wodini Lindi ni kosa la aliyezichagua. Shirika la Afya Duniani lilitoa vigezo mwaka 2015: mashine ihimili joto la nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 95, na oksijeni isishuke chini ya asilimia 82. Anayeagiza havisomi.

Na hili la mafundi nalo linaniuma. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) inafundisha vijana uhandisi wa vifaa tiba. Wakiajiriwa, wanaitwa kubadilisha balbu na kutengeneza kiyoyozi cha ofisi ya mganga mkuu. Siku ya kuamua mashine gani inunuliwe, au msaada gani upokelewe, hawaitwi. Kitabu cha ufundi hakiji na mashine. Kinakuja cha mtumiaji, kinachotuagiza tumpigie wakala aliye nchi nyingine.

Pendekezo langu ni hili. Kabla ya utepe kukatwa, kila mashine iwashwe saa nane mchana kwenye chumba kisicho na kiyoyozi, ikae inaunguruma mpaka magharibi, kisha fundi wa hospitali apime oksijeni na kuiandika ubavuni kwa kalamu isiyofutika, na sahihi yake. Ikiwa chini ya 82, irudi kwa aliyeileta siku hiyohiyo. Na mwandishi wenu akialikwa kwenye makabidhiano mengine, kabla ya kumpiga picha mgeni rasmi, azunguke nyuma ya mashine akapige picha ya kibandiko, nanyi mkichape.

Fundi wa vifaa tiba,
Lindi