Barua ya wazi kwa vijana mnaozipima kampuni za silaha

Dar es Salaam

Wanangu,

Marahaba. Rasimu yenu ya kurasa arobaini, ya kuzipa kampuni za silaha alama za maadili na mazingira, nimeisoma yote, pamoja na jedwali la alama mliloliweka mwishoni. Naijibu hadharani kwa sababu vikundi vya kupima makampuni vimeanza kuwa vingi hapa mjini, na makosa niliyoyaona kwenu yapo kwa wengine pia.

Kosa kubwa ni hili. Kampuni mliyoipa alama 78 kwa mia mmeipima kwa maneno yake yenyewe: ripoti yake ya uendelevu (ile inayojieleza kuhusu mazingira na jamii), tovuti yake, na kijitabu cha maadili chenye picha ya fundi aliyevaa kofia ya kazi anacheka. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ripoti ya uendelevu someni mwisho. Anzeni na hesabu zilizokaguliwa, hasa maelezo madogo ya nyuma, penye madeni yasiyo ya uhakika (yanayoweza kutokea au yasitokee), kesi zinazoendelea, na fedha zilizotengwa kwa ajili ya kusafisha ardhi. Pale kampuni inawaandikia wakaguzi na wanahisa, na ikidanganya kuna mtu atajibu mahakamani. Baada ya hapo nendeni kwenye hukumu za mahakama, kisha kwenye taarifa za wakala wa mazingira wa nchi kilipo kiwanda.

Mfano hauko mbali. Mwaka 1999 serikali yetu ilisaini mkataba wa kununua rada ya kuongozea ndege kutoka BAE Systems ya Uingereza, kwa dola milioni 40 hivi. Desemba 2010 kampuni hiyo ilisimama Southwark Crown Court, London, ikakiri kosa moja: kutotunza kumbukumbu za hesabu zinazojitosheleza. Ikapigwa faini ya pauni 500,000. Pauni milioni 29.5 zikaja huku kwa ajili ya elimu, ndiyo ile chenji ya rada, zikaenda kwenye vitabu na madawati.

Hukumu ile isomeni mkiwa na kalamu. Wakala wa BAE, yaani dalali wa kuitafutia mauzo, alikuwa na mikataba miwili. Mmoja wa asilimia 1 ya bei ya rada, wa kawaida kabisa, ambao mtu angeuona na kupita. Wa pili wa hadi asilimia 30, ukipitia Red Diamond, kampuni iliyosajiliwa Visiwa vya Virgin vya Uingereza, kwenda kampuni nyingine iliyosajiliwa Panama. Kati ya 2000 na 2005 zikatoka dola milioni 12.4. Kwenye vitabu yakaandikwa ni malipo ya huduma za kiufundi.

Sasa chukueni fomu yenu ya maswali mwoneshe ni kipengele gani kingelinasa jambo hili. Hakuna. Swali lenu la rushwa ni moja tu: je, kampuni ina sera ya kupinga rushwa? Leo hii kila kampuni kubwa ya silaha itajibu ndiyo na kuwatumia PDF. Lifuteni. Mahali pake ulizeni ina mawakala wangapi na katika nchi zipi. Ulizeni mmiliki halisi wa kila kampuni ya uwakala anathibitishwaje, na anahakikiwa upya baada ya muda gani. Wakala analipwa kiasi maalumu kwa kazi iliyoandikwa, au asilimia ya mkataba? Asilimia kwenye mkataba wa mamia ya mamilioni ni kishawishi hata kwa malaika. Analipwa kwenye akaunti iliyo katika nchi anakofanyia kazi, au kwenye visiwa vya mbali vya kufichia fedha? Nani anaidhinisha: meneja mauzo mwenye bonasi yake, au idara isiyofaidika na mauzo? Mwaka jana walikataliwa mawakala wangapi? Hilo la mwisho ndilo zuri kuliko yote, kwa sababu kampuni inayochuja kweli ina idadi, na isiyochuja hujibu kwa aya tatu bila namba.

Transparency International, shirika linalopambana na rushwa, lina faharasa ya mwaka 2020 ya kampuni 134 za ulinzi, madaraja A hadi F, yenye sehemu maalumu ya mawakala na nyingine ya miradi ya fidia, yaani yale mambo muuzaji anayoahidi kumfanyia mnunuzi nje ya mkataba mkuu: kiwanda, mafunzo, shule. Maswali yao azimeni. Ila mkumbuke wanapima kampuni inaeleza nini hadharani, hawapimi inachokifanya.

Na leseni ya kuuza nje msiihesabu kuwa cheti cha maadili. Rada ile ilipewa leseni Desemba 2001 huku Clare Short, waziri wa maendeleo ya kimataifa wa Uingereza wakati huo, akiipinga ndani ya baraza lake mwenyewe. Wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga walisema ni ghali na haiendani na mahitaji ya anga ya kiraia. Kwa hiyo ongezeni swali ambalo fomu nyingi hazina: je, kampuni ina utaratibu wa kukataa kumuuzia mteja kitu asichokihitaji au asichokimudu? Wengi watawaambia hilo ni la serikali. Kanuni za Umoja wa Mataifa za biashara na haki za binadamu, za mwaka 2011, zinasema wajibu wa kampuni unasimama wenyewe, serikali itoe leseni isitoe.

Kabla ya yote hayo, jueni mnampima nani. Makombora mengi ya Ulaya yanatengenezwa na MBDA, ambayo BAE Systems ina asilimia 37.5, Airbus 37.5 na Leonardo 25. Hakuna mwenye nusu. Kampuni ikiamua kuripoti zile tanzu inazozidhibiti tu, ubia wa namna hii unabaki nje ya takwimu zake za ajali na za hewa chafu, wakati gawio linaingia. Chukueni orodha ya kampuni tanzu na za ubia kwenye hesabu, muilinganishe na ukurasa wa ripoti ya uendelevu unaoeleza mipaka ya taarifa. Tofauti ya orodha hizo mbili iandikeni.

Kwenye bidhaa nina machache. Mabomu ya kutegwa ardhini yana mkataba wake wa Ottawa wa 1997. Mabomu ya mtawanyiko, yale yanayofunguka angani na kumwaga vijibomu, yana wa 2008 ulioanza kutumika tarehe 1 Agosti 2010. Hapa hakuna asilimia. Nyie mmeweka kwamba kampuni inaangushwa kama zaidi ya asilimia 5 ya mapato inatokana na silaha zilizokatazwa. Kwa kampuni ya dola bilioni 20, asilimia 5 ni bilioni nzima ya vijibomu. Wekeni sifuri, na mhesabu vipuri pia, kama fyuzi na vifuko vya kubebea.

Mazingira mmeyajaza kurasa sita, karibu zote za hewa ya ukaa na miti iliyopandwa. Miti siipingi. Lakini kiwanda cha baruti na milipuko kinaua kwa maji kabla ya hewa. Maji yaliyooshea kilipuzi cha TNT yakipigwa na jua hugeuka rangi ya waridi, na hayo yanaonekana kwa macho. Ya kuogopa ni yasiyoonekana: RDX, kilipuzi kingine, husafiri na maji ya ardhini kirahisi kuliko TNT, na perkloreti ya mafuta ya roketi huyeyuka kabisa majini na kuzuia tezi ya shingoni kuchukua madini joto. Kwenye ndege kuna kromiamu-6 ya rangi za kuzuia kutu na TCE ya kusafishia grisi. Uwanjani kuna PFAS ya povu la kuzimia moto wa mafuta. Bethpage, New York, palipokuwa na viwanda vya ndege vya Grumman na jeshi la majini, uchafu wa TCE na wenzake umetembea chini ya ardhi zaidi ya kilomita 6, na viwanda vyenyewe vilishafungwa. Ulizeni basi: kampuni ina maeneo mangapi yaliyochafuliwa, imetenga kiasi gani, na kiasi hicho kinapanda au kinashuka mwaka hadi mwaka? Kikipanda miaka mitatu mfululizo, makadirio ya mwanzo yalikuwa ya kujifariji.

Hewa ya ukaa ina ujanja wa hesabu. Tuseme kampuni inatoa tani 500,000 kwa mapato ya dola bilioni 10: ni tani 50 kwa kila milioni. Vita vikazuka, maagizo yakaongezeka, mapato yakafika bilioni 13, na tani zikabaki zilezile. Sasa ni 38.5 kwa milioni. Ripoti itaandika "tumepunguza kwa asilimia 23", nanyi mmeiandika vilevile kwenye ukurasa wa 22. Takeni tani, siyo uwiano. Angalieni pia kama wamehesabu mafuta yatakayochomwa na ndege na vifaru walivyouza, maana hapo ndipo penye mzigo mkubwa, na hapo ndipo wengi huacha wazi.

Ajali nazo zina mtego wake. Wamarekani huhesabu kwa saa 200,000 za kazi, ambazo ni watu 100 kwa saa 40 kwa wiki 50. Wengine huhesabu kwa saa 1,000,000. Mmeweka kampuni yenye 0.4 juu ya yenye 1.5, kumbe ya kwanza ni ya saa laki mbili. Zidisheni kwa tano: ni 2.0, na ndiyo mbaya zaidi. Kisha mhakikishe zote mbili zinahesabu ajali za aina moja, na kama vibarua wa wakandarasi wadogo wamo, kwani kazi ya hatari mara nyingi ndiyo wanayopewa wao.

Kuna jambo ambalo fomu za Ulaya hazina na sisi hatuwezi kuliruka. Mbagala, tarehe 29 Aprili 2009, na Gongo la Mboto, tarehe 16 Februari 2011, maghala ya silaha yalilipuka, watu wakafa, nyumba zikaenda. Siingii kwenye chanzo, barua hii haihusu hilo. Ninachosema ni kwamba risasi na mabomu yana umri. Baruti ya nitroselulosi huwekewa kemikali ya kuituliza, na kemikali hiyo hupungua kadiri miaka inavyokwenda, haraka zaidi kwenye joto. Ikiisha, baruti huanza kujipasha yenyewe. Muda wa kuhifadhi uliopimwa kwenye ghala la baridi Ulaya hauwezi kuwa uleule kwenye joto la Dar. Kwa hiyo ulizeni kama kampuni inatoa ratiba ya kupima kemikali hiyo kwa hali ya hewa ya mnunuzi, kama inafundisha mafundi wa kuipima, na kama mkataba unasema nani atazichukua au kuziteketeza zikishapitwa na wakati. Kwangu hili lina uzito kuliko miti yote.

Madini nitayapitia haraka. Sheria ya Marekani ya 2010 inazitaka kampuni zilizoorodheshwa huko kutoa taarifa kila mwaka, kabla ya Mei 31 kupita, kuhusu bati, tantalamu, tangsteni na dhahabu kutoka Kongo na majirani zake, Tanzania ikiwamo. Tazameni ni wasambazaji wangapi waliojibu na kama majina ya viwanda vya kuyeyushia yametajwa. Kampuni inayojisifu kwamba hainunui kabisa kutoka kanda yetu msiipe alama ya juu. Imekimbia kazi ya kufuatilia, na mchimbaji mdogo wa Geita ndiye aliyelipa.

Jedwali lenu sasa. Mnajumlisha kila kitu na kugawanya, ndiyo maana alama za miti zinafunika kamisheni za mawakala. Acheni wastani. Wekeni milango mitatu: silaha zilizokatazwa, mawakala, na rekodi ya haki za binadamu ya mtumiaji wa mwisho, yaani atakayezitumia silaha zenyewe. Anayeanguka mmoja hapewi alama ya jumla kabisa. Mengine pimeni 0 hadi 3: 0 hakuna kitu, 1 sera tu, 2 utekelezaji wenye namba, 3 namba zilizothibitishwa na mtu wa nje. Kila alama iwe na hati na ukurasa wake. Na alama za mashirika ya kibiashara mlizonakili msizichanganye humu: nyingi hupima hatari itakayoipata faida ya kampuni, siyo madhara yanayompata jirani wa kiwanda.

Hati zenu ziwe za wazi. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 ipo. Mtu akiwaletea karatasi yenye muhuri wa siri, msiipige picha, msiihifadhi. Kambi za jeshi msizikaribie na simu zenu. Mnapima muuzaji, na muuzaji ana hati nyingi za wazi kuliko mnavyoweza kuzimaliza.

Maswali yapelekeni kwa kampuni yenyewe kwa maandishi, muipe siku 21, na jibu lake mlichapishe hata likiwauma. Maneno ya kisheria yapimeni kama mfamasia. Kutuhumiwa, kuchunguzwa, kuingia makubaliano, kukiri na kutiwa hatiani ni mambo matano tofauti. Januari 2020 Airbus iliingia makubaliano ya kulipa takriban euro bilioni 3.6 kwa Ufaransa, Uingereza na Marekani. Oktoba 2024 RTX, kampuni ya silaha ya Marekani, ikakubali kulipa zaidi ya dola milioni 950 nchini Marekani. Hayo yaandikwe hivyohivyo. Na BAE, katika shauri letu la rada, ilikiri kosa la kumbukumbu za hesabu. Haikutiwa hatiani kwa rushwa. Ukurasa wa 17 wa rasimu yenu unasema ilitiwa. Sahihisheni hapo kabla hamjamtumia mtu mwingine yeyote.

Mzee wenu, mkaguzi wa hesabu mstaafu
Upanga