Barua ya wazi kwa vijana wanaotaka kujulikana

Wanangu na wajukuu zangu,

Nawasalimu nyote kwa kheri na amani, ninyi mnaorekodi nyimbo vyumbani, mnaopiga filamu fupi ufukweni jua likizama, mnaochekesha watu kwa simu zenu na kungoja kwa hamu hesabu ya watazamaji ipande. Wazee wenzangu wengi huwalaumu kwa kupenda sifa. Mimi nimefundisha historia hadi nikastaafu hapa Bagamoyo, na sijapata kusoma habari za zama yoyote ambayo watu hawakutaka kujulikana. Wafalme walitaka, watunzi walitaka, wasafiri walitaka, na waliokuwa na uwezo walitumia mali na jasho la watu ili majina yao yabaki. Kwa hiyo siwaandikii kuwakataza. Nawaandikia juu ya jambo moja tu ambalo naliona likikosewa kila siku, nalo ni kwamba kazi iliyofanywa na watu kumi hutoka ikiwa na jina la mtu mmoja.

Naomba nianzie mbali, Misri. Piramidi kubwa ya Giza ilikuwa na kimo cha mita 146 hivi ilipokamilika, na aliyejengewa ni mfalme Khufu, zaidi ya miaka 4,500 iliyopita. Lakini sanamu yake pekee iliyo nzima tunayoijua ni kisanamu cha pembe ya ndovu chenye kimo cha sentimita 7 na nusu, kilichochimbuliwa Abydos mwaka 1903, ambacho mtu anaweza kukifumbata kiganjani. Mwaka 2013 wanaakiolojia walipata huko Wadi al-Jarf, pwani ya Bahari ya Sham, vipande vya mafunjo vilivyoandikwa na msimamizi mmoja aitwaye Merer, ambaye alikuwa akiandika siku baada ya siku jinsi kikosi chake kilivyosafirisha mawe ya chokaa kwa mashua kutoka Tura hadi Giza. Tukitaka leo kujua kazi ile ilikwendaje, hatumuulizi Khufu. Tunamsoma Merer, mtu wa kazi aliyekuwa na desturi ya kuandika.

Sasa nirudi nyumbani, maana hapa ndipo penye mengi. Katika eneo la misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa Bagamoyo mwaka 1868 upo mnara wa kanisa la kale, ambao wageni wote hupelekwa kuuona. Penye mlango wake kuna kibao cha Kiingereza kinachosema kwamba Daktari David Livingstone alipita hapo. Ni kweli alipita, ila alipita akiwa maiti, amebebwa, mwezi wa Februari 1874. Kibao hakisemi aliyembeba ni nani.

Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu aliokuwa nao wangeweza kumzika papo hapo na kwenda zao. Wao waliutoa moyo wake wakauzika chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakauviringisha kwa nguo na gome la mti, kisha Abdullah Susi, James Chuma na wenzao wakaubeba kwa miguu hadi pwani, safari ya miezi tisa na zaidi ya kilomita 1,500. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, ofisa wa Kiingereza aitwaye Cameron aliwashauri wamzike huko huko, wakakataa. Baada ya hapo walilifunga furushi lile upya ili lionekane kama mzigo wa nguo, kwa kuwa njiani walikuwapo watu wasiotaka maiti ipitishwe katika nchi yao.

Kabla hawajaondoka Chitambo lilifanyika jambo dogo ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko safari yenyewe. Jacob Wainwright, kijana aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik kule India, alisoma sala ya maziko, kisha akachonga maandishi kwenye shina la mti ule. Alichonga jina la Livingstone na tarehe, na baada ya hayo akaongeza majina ya wenzake: Yazuza, Mniasere, Vchopere. Alikuwa amefiwa na kiongozi wa safari, yuko bara ndani, hajui kama watafika salama, na bado aliona inafaa ijulikane kwamba mahali pale palikuwa na watu zaidi ya mmoja. Kipande cha shina hilo kilikatwa baadaye kikapelekwa London.

Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone alizikwa katika kanisa la Westminster Abbey, walikolala wafalme wa Uingereza, na Wainwright akiwa miongoni mwa walioshika jeneza. Jiwe la kaburi linaanza kwa kusema kwamba aliletwa na mikono yenye uaminifu kupitia nchi kavu na bahari. Basi, ni mikono tu. Mchongaji wa jiwe hilo alikuwa na nafasi ya kutosha kwa maneno mengi ya marehemu mwenyewe, lakini ya jina la Susi au la Chuma haikupatikana. Wao wawili hata maziko hawakuyawahi; walipelekwa Uingereza baadaye, wakamsaidia Horace Waller kuziandaa shajara za Livingstone zichapishwe, maana ndio walioyajua mambo ambayo karatasi haikuyasema. Chama cha Jiografia cha Kifalme kiliagiza medali 60 za fedha kwa ajili ya wapagazi, kila moja ikiwa na jina la mwenyewe ukingoni, jambo ambalo lilikuwa la heshima. Bahati mbaya zilipofika Unguja wengi wao walikuwa wamekwisha kutawanyika, kila mtu na riziki yake. Alikuwamo pia Halima, mpishi, ambaye Livingstone alimsifu katika shajara yake na kuahidi kumnunulia nyumba na bustani huko Unguja. Mwenye ahadi alikufa kabla ya kuitimiza, nasi tunamjua Halima kwa sababu tu sifa zile ziliandikwa.

Miaka 40 baadaye vikaja Vita Vikuu vya Kwanza, na katika nchi zetu vita hivyo vilipiganwa juu ya migongo ya wapagazi, kwa kuwa mbung'o waliua wanyama wa mizigo na barabara hazikuwapo. Waliopita Kenyatta Avenue mjini Nairobi wameziona sanamu tatu za shaba zilizosimama pamoja, mmoja wao akiwa mpagazi. Maandishi yaliyo chini yake yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, kisha yanamwambia msomaji kwamba akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Lizungukeni nguzo lile pande zote mtafute jina lenyewe. Hakuna hata moja. Mikono tena, na safari hii imeongezwa na miguu.

Jambo hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Sehemu nyingine ilisababishwa na kutokuwapo kwa orodha, lakini nyingine ilitokana na uamuzi wa maofisa walioona kwamba mwenyeji asingelielewa wala kulithamini jiwe la kaburi. Huo ni uongo wa wazi kwa mtu yeyote aliyewahi kuona jinsi watu wetu wanavyohudumia makaburi ya wazee wao. Mwezi wa Januari 2025 ulizinduliwa Cape Town ukumbusho wa watumishi Weusi wa vita hivyo, wenye majina zaidi ya 1,700, kila jina na nguzo yake ya mti. Zaidi ya miaka 100 ilipita, lakini yalipotafutwa katika nyaraka majina yalionekana, kwa sababu palikuwa na karani mmoja mahali fulani aliyekuwa ameyaandika.

Na yule Askari wa Dar es Salaam mnayepigia picha pale Samora, ambaye naye hana jina, amesimama mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani Hermann von Wissmann, ndiye aliyetumwa kuvunja upinzani wa watu wa pwani ulioongozwa na Abushiri. Sanamu hiyo ilimwonyesha Wissmann amesimama juu, na chini yake askari Mwafrika anayemwinulia macho, akimfunika simba aliyekufa kwa bendera. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliiondoa. Mwaka 1922 ikasimamishwa Hamburg mbele ya chuo kikuu, na mwaka 1968 wanafunzi wakaiangusha. Sina haja ya kumlilia Wissmann. Ninachowaomba mkitazame ni ule mpangilio wa miili miwili, kwa kuwa nauona katika video zenu nyingi: mmoja yuko katikati, kamera iko usoni mwake, na mwingine yupo ili wa kwanza aonekane mkubwa. Mkimrekodi mlevi wa stendi au mama mwenye maradhi ya akili ili watu wacheke, mmemweka chini ya sanamu hiyo hiyo, na hamkumuomba ruhusa.

Mtaniambia kwamba hizo ni habari za wakoloni, sisi ni wasanii. Haya, tuzungumze usanii. Muyaka bin Haji wa Mombasa, ambaye mashairi yake mnayasoma shuleni, alifariki yapata mwaka 1840 wakati ambapo tungo zake nyingi zilikuwa vinywani mwa watu. Tunazo leo kwa sababu miongo kadhaa baadaye Mwalimu Sikujua, naye wa Mombasa, alizikusanya, akaeleza nani aliambiwa nini na kwa sababu gani, na mmisionari Taylor akazihifadhi. Bila Sikujua tungebakiwa na mistari michache isiyo na mwenyewe. Mnamjua Muyaka, je, Sikujua mlipata kumsikia?

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, katika familia ya wafinyanzi, akawa anauza vyungu mjini. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri zilizosikika pwani nzima, na kabla hajafariki mwaka 1950 Shaaban Robert alikaa naye akamhoji, kisha akauandika wasifu wake. Hakwenda Bombay peke yake, alikwenda na wapigaji wake, akina Subeti, Mbaruku, Buda na Maalim Shaaban, nao wanatajwa mpaka leo kila wenye taarabu yao wanapomzungumza. Sidhani kama sifa ya Siti ilipungua hata punje kwa kutajwa kwa hao. Naye Mwana Kupona binti Mshamu, alipotunga utenzi wake wa kumuusia bintiye mwaka 1858 akiwa mgonjwa, hakuwa akitafuta umati. Hata hivyo aliufunga kwa kuutaja mwaka, 1275 wa Hijria, kama ilivyokuwa desturi ya watunzi wetu. Mtu aliye kitandani, anayemwandikia msomaji mmoja, anakumbuka kuandika tarehe. Ninyi wenye wasomaji elfu hamuiandiki.

Basi ushauri wangu ni huu. Kila kazi mnayoitoa iwe na majina ya wote walioifanya: mpiga ngoma, fundi wa sauti, aliyeshika kamera, aliyeshona nguo, bibi aliyewafundisha beti, na mwenye nyumba aliyewaazima ukumbi. Andikeni jina kamili na la mzazi wake, kwa jinsi babu zetu walivyosema bin na binti, kwa sababu akina Juma ni wengi. Muulizeni mwenyewe jinsi jina lake linavyoandikwa, na akikataa kutajwa mwacheni, ni haki yake. Wekeni mahali na tarehe. Kama kazi imeingiza fedha, majina hayo yawe pia ndiyo orodha ya malipo, maana sifa hainunui unga.

Halafu wekeni daftari la karatasi. Najua mnacheka. Simu huibwa, akaunti hufungwa na wenye mtandao bila kuuliza mtu, na picha elfu hupotea kwa siku moja. Daftari lililohifadhiwa pakavu huishi kuliko mwenye nalo. Nakala moja ipelekeni maktaba ya shule mliyosoma, nyingine ikae kwa mtu mnayemwamini. Zile picha za zamani zilizo katika masanduku ya mama zenu zitoeni sasa, kaeni na wazee wangali hai, muulize aliyesimama wa tatu kutoka kushoto ni nani, na muandike nyuma kwa penseli, kwa kuwa wino huchafua picha.

Msiniambie kwamba mtazamaji hana muda wa kusoma majina. Mwenye muda atayasoma, na asiye nao hayamdhuru kitu. Wainwright alikuwa na kazi nzito kuliko zenu siku ile, na kuchonga herufi kwenye shina la mti ni kugumu kuliko kuzibonyeza kwa kidole.

Na kuna lile dogo la mwisho. Mwezi uliopita mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu ngoma mliyoirekodi hapa mjini, ambayo nimeambiwa imetazamwa na watu wengi mno. Juu yake limeandikwa jina la kikundi chenu na la aliyeirekodi. Yule mama mwenye kanga nyekundu anayeuanzisha wimbo, na ambaye wengine wote wanamwitikia, anaitwa nani? Nendeni kwake wiki hii, mkamuulize jina lake na la mtu aliyemfundisha wimbo ule, kisha mrekebishe maandishi, na mnijulishe.

Wenu katika mapenzi,
Mwalimu mstaafu wa historia,
Bagamoyo