Kabla hatujakutana kesho

Habari za jioni wanakikundi. Nimepitia programu mlizotuma. Kosa lililojirudia zaidi si la hesabu, ni la aina ya data. Katika Python, lugha ya programu tunayojifunza, chochote mtumiaji anachokiandika kwenye input() hufika kama maandishi, hata akiandika 5. Ndiyo maana 5 na 5 zilileta 55 badala ya 10, na wengine mkadhani kompyuta imerukwa na akili. Zigeuzeni kwanza ziwe namba kamili kwa int(), ndipo mjumlishe.

Halafu: = huweka thamani ndani ya kigeu (jina linalohifadhi thamani), == huuliza kama pande mbili zinalingana. Na range(1, 5), inayotoa namba kwa mfuatano kuanzia 1, huishia 4, msiisubiri 5.

Programu ikigoma, anzeni kusoma mstari wa mwisho wa ujumbe wa kosa. Hapo ndipo tatizo hutajwa. Mkiuliza hapa, bandikeni ujumbe wote pamoja na programu yenyewe, siyo picha ya skrini (macho yangu yamechoka kuzikuza). "Haifanyi kazi" peke yake hainiambii kitu.

Kesho tunaingia kwenye vitanzi, yaani kuifanya programu irudie amri zilezile. Kila mmoja aje na programu inayohesabu kutoka 10 kurudi 1 kwa kutumia while (kitanzi kinachorudia mradi sharti ni kweli), hata kama haijakamilika.